Unga wa Printa na Kibuyu cha Namunyak

Ukitaka kumuudhi Namayiana, tupa katriji ya printa jalalani mbele ya macho yake. Hapo utamjua. Atakufuata hata kama umevaa tai, atakuamkia kwanza, shikamoo yake ikiwa na adabu zote, kisha akuulize hilo dubwana ulilolitupa unadhani litaoza lini. Watu wa Mikumi wamekwisha kumzoea. Wakimwona anavuka barabara kuu na salfeti lake begani wanaanza kucheka kabla hajafika: "Huyo, Mama Katriji kaja kukusanya maiti zake!" Naye hucheka pamoja nao, akachukua maiti zake, akaenda zake.

Ana duka la steshenari, kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya buluu, karibu na pale malori ya Iringa yanapoegeshwa madereva wakila. Anatoa fotokopi, anachapa barua za maombi ya kazi, anaprinti mitihani ya shule. Nyuma ya duka kuna vyumba viwili na kiua, na hapo ndipo anapoishi na binti yake mchanga, Seleina. Mumewe, Kimaren, ni mlinzi Morogoro na huja mwisho wa mwezi.

Zamani na yeye alikuwa akitupa tu. Katriji ikiisha, nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na nani ana muda? Mpaka siku alipokwenda msibani Kidete, akateremka mtoni Mkondoa kunawa uso, akakuta watoto wamepasua katriji kwa jiwe. Wamejipaka masharubu meusi kwa ule unga wake, wanachekana mpaka wanaanguka. Chini kidogo yao mama mmoja alikuwa anamwogesha mwanawe, na maji yaliyomfikia yalikuwa na utando mweusi juu yake. Namayiana ni mtoto wa wafugaji, na mfugaji hana mzaha na maji. Alisimama pale akijiuliza katriji ile imetoka kwa nani, na kitu kilichomuuma ni kwamba ingeweza kabisa kuwa ya kwake.

Basi ndipo kazi yake ilipoanzia. Anapita shuleni, zahanati, ofisi za kata, mpaka Kilosa mjini, anaomba zile zilizokwisha. Anazifungua, anazisafisha, anazijaza upya, na wenyewe wanazirudisha kwenye mashine zao. Zilizochakaa kabisa anazituma Morogoro kwa bwana mmoja anayenunua plastiki na vyuma. Kwa hiyo utasema mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Kila katriji tumboni mwake ina kijichumba ambamo hujikusanya tona, yaani unga wa wino, iliyokwisha kutumika, ule ambao karatasi iliukataa. Huo hauna mwenyewe. Yule bwana wa Morogoro alimwambia waziwazi, "Dada, mimi nachukua mifupa. Huo unga kaa nao mwenyewe."

Akakaa nao. Kuumwaga ataumwaga wapi, na kuuchoma moto akaambiwa moshi wake haufai. Akawa anaujaza kwenye makopo matupu ya maziwa ya unga, anabana vifuniko, anayapanga chumba cha nyuma chini ya meza. Na juu ya kila kopo alibandika karatasi yenye herufi kubwa: HATARI. USIGUSE. SI CHAKULA.

Maana Namayiana ni muumini wa karatasi. Akitaka watu wajue jambo, analichapa. Huko Kilosa ofisi nyingi zenye printa zina tangazo lake la kuonya kuhusu tona ukutani, limenyooka, limepigwa mstari chini. Jirani yake Costancia, mpika chapati, mtu wa maneno kama nini, alikuwa anamtania kila siku. "Wewe shoga, siku ukifa utabandika tangazo kwenye jeneza."

"Nitabandika, ndiyo," anajibu Namayiana. "Si watu wajue saa ya mazishi."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo karatasi haikuweza kumsaidia, nalo lilimkaa rohoni usiku na mchana. Mama mkwe wake, Namunyak, hakuwa anamwita jina.

Kwa Wamaasai, mke akiingia kwenye boma la mumewe, mama mkwe humpa kondoo mchanga. Tangu siku hiyo hawaitani tena majina yao. Mama humwita mkwewe Paker, na mkwe naye humwita mama Paker, kwa sababu ni watu waliopeana kondoo. Ni jina dogo tu, lakini ndilo linalokwambia kwamba wewe ni wa nyumba hii. Sasa Namayiana na Kimaren walifungia ndoa yao serikalini, Morogoro, na mashahidi wawili waliookotwa kazini. Mama alipata habari kwa simu, mambo yamekwisha. Kondoo hakutolewa, na asiyetolewa kondoo utamwitaje? Namunyak akawa anasema "wewe." Akiudhika, anazungumza na ukuta: "Mwenye nyumba hii aambiwe chai imepoa."

Inauma, jamani. Aliyeolewa ataelewa. Kila akienda bomani, Namayiana alikuwa anasikia wanawake wengine wakiitana Paker huku wakichuja maziwa, anatabasamu, kisha anakwenda kujifuta macho nyuma ya banda la ndama.

Seleina alipozaliwa, ikafika siku ya kumnyoa nywele alizozaliwa nazo na kumpa jina mbele ya watu. Shughuli hiyo ilitakiwa ifanyike bomani, Tindiga. Lakini ulikuwa msimu wa mitihani, shule zote zinataka kuprinti, na Namayiana akasema hawezi kufunga duka. Hapo simtetei. Mama mzima wa watu akameza mate, akapanda pikipiki na blanketi lake na fimbo yake, akaja Mikumi mwenyewe. Na kibuyu chake akakikumbatia njia nzima.

Kibuyu hicho kilikuwa cha mama yake. Kilikwisha kupasuka mara moja kikashonwa kwa ugwe wa ngozi, na mkanda wake ulikuwa na shanga nyeupe na za buluu zilizofifia kwa kushikwa na mikono. Kila mtu wa ukoo alijua kwamba siku moja kitakwenda kwa mke wa Kimaren. Kama atastahili, lakini. Namunyak alikitundika ukutani, karibu na kalenda, akasema neno moja tu: "Wewe. Nitafutie mti wa oloirien."

Oloirien ni mzeituni wa porini. Ukiuchoma, kaa lake linaloungua husuguliwa ndani ya kibuyu, na vumbi lake jeusi ndilo linalokitakasa na kuyapa maziwa ladha. Kibuyu kisichopitishwa kaa hilo ni chombo tu. "Nitaleta, yeyo," akasema Namayiana, kwa kuwa yeyo ni mama, na yeye hakuwa na jina jingine la kumwita. Kesho yake alisahau. Keshokutwa akakumbuka, mteja akaingia, akasahau tena. Bibi hakuuliza mara ya pili. Alikaa mlangoni akitazama malori.

Siku ya kunyoa, ofisi moja ya Kilosa ikapiga simu kwamba wana kasha la katriji, wanahamisha stoo, asipokuja asubuhi zitatupwa. Namayiana akamfunga Seleina mgongoni, akapanda kosta ya kwanza. "Nitarudi kabla ya wageni," akamwambia mama mkwe. Namunyak akaitikia kwa pua.

Njiani akirudi, kasha likiwa magotini, ndipo alipokumbuka mti. Akajipiga kipaji cha uso. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Wageni wanakuja, kibuyu hakijapitishwa kaa, na bibi atawaambia nini wanawake wenzake? Alishuka Mikumi akiwa amejiandaa kusemwa, na kwa kweli alijua anastahili.

Aliwakuta wanawake wa Tindiga wamekwisha kufika, wameketi kwenye mkeka kiuani, mashuka mekundu na ya buluu, shanga zinalia wakisogea. Costancia alikuwa anagawa chai na chapati. Namunyak akainuka aliposikia geti.

"Paker!" akaita. "Umechelewa. Lete mtoto."

Namayiana alisimama kama aliyepigiliwa msumari. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakadakia. Aliinamisha kichwa mbele ya bibi, kama mkwe anavyotakiwa, ili aguswe. Siku zote Namunyak alikuwa anagusa kama mtu anayeogopa kuungua. Leo ule mkono ukatulia juu ya kichwa chake, mzito, mkavu, ukakaa. Namayiana akalia. Hakujizuia wala hakuona haya.

"Nilidhani nimepata mkwe wa makaratasi," Namunyak akawaambia wageni kwa Kimaasai, sauti yake imechangamka ajabu. "Nimemwagiza mti, kimya. Nikasema basi, huyu amepotea. Leo nafagia chumba cha nyuma, nakuta nini? Amenisagia mkaa! Laini, hata mimi ujanani sikuwahi kusaga hivi. Makopo na makopo! Kumbe alikuwa ananitazama tu aone kama nitaona. Basi nimeshindwa mimi. Kondoo wake yuko bomani, nitamleta."

Wanawake wakacheka kwa furaha. Namayiana pia alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka, na maneno yalimpita masikioni kwa sekunde kadhaa kabla hayajaingia. Mkaa gani? Makopo gani?

Kisha akaliona. Kopo la maziwa ya unga, limekaa ukingoni mwa mkeka, limefunguliwa kifuniko, limepungua hadi nusu. Karatasi yake ilikuwa imemwelekea yeye, kila herufi mahali pake: HATARI. USIGUSE. SI CHAKULA. Akatazama mduara ule wa akina mama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye dawati.

Seleina alikwisha kupakatwa na bibi yake. Kibuyu kilikuwa pembeni, kimejaa maziwa yaliyoletwa asubuhi, na Namunyak alianza kuomba baraka. Baada ya baraka maziwa yatapakwa utosini mwa mtoto, mtoto ataonjeshwa kwa kidole, kisha kibuyu kitazunguka.

Costancia aliyafahamu yale makopo. Macho yalimtoka. Akasogea na birika la chai mkononi, akainama kwenye sikio la rafiki yake. "Jikwae," akanong'ona. "Kipige teke, kimwagike. Utaitwa mzembe, basi. Jina utabaki nalo."

Shoga ni shoga, na ushauri wake haukuwa wa kipumbavu. Namayiana aliupima. Jina alilolililia miaka yote lilikuwa limetoka tu mdomoni mwa bibi, bado lina joto. Mguu mmoja tu, na litabaki kuwa lake. Lakini kibuyu hakitupwi kwa sababu kimemwagika. Kitaokotwa, kitajazwa tena kesho, kitatundikwa pale karibu na kalenda, na Seleina atakinywea mpaka aote meno yote. Na kila atakapoitwa Paker atajua anaitikia jina la makopo ya tona.

"Yeyo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Akarudia, "Yeyo, nisamehe. Hayo maziwa hayanyweki."

Baraka zikakatika katikati. Kumkatiza mzee akiomba! Mwanamke mmoja akafyonya.

"Ule si mkaa," Namayiana akaendelea, sasa haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. "Sikuusaga mimi. Mti nilisahau. Ule ni wino wa mashine, plastiki iliyosagwa. Hauui mtu papo hapo, lakini si wa kuingia tumboni, na si wa mtoto. Nimeuweka pale kwa kuwa sina pa kuutupa."

Namunyak alimpa mwanamke wa pembeni mtoto, akavuta kibuyu, akaingiza kidole shingoni mwake na kusugua. Asubuhi alianza na kaa la jikoni, kwa kukosa la oloirien, ndipo akamimina unga ule kibuyu kikiwa bado cha moto. Unga wa printa ukipata moto unayeyuka, unaganda, haubanduki tena. Kidole chake kiliteleza ndani kama kwenye beseni jipya la dukani.

"Nilisikia harufu," akasema polepole. "Nikasema, nyumba hii yote inanuka mashine." Akatazama yale maziwa. "Hata mbwa asiyanywe?"

"Hata mbwa, yeyo."

Mgeni mmoja alikuwa na kibuyu kidogo alichojia nacho safarini. Ndicho kilichotumika. Seleina akanyolewa, akalia sana, akapewa jina, akabarikiwa. Watu walikula, wakaongea habari za mvua na za malisho. Namunyak alifanya kila kilichompasa kufanya, na mchana kutwa hakumwita mtu yeyote chochote.

Asubuhi yake alifunga blanketi lake. Kibuyu alikisuuza, akakishika magotini, hajui akibebeje, maana hakutaka watu wa njiani wakione. Namayiana akamletea kasha tupu la tona. Bibi akakilaza humo. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Yule mpika chapati alikwambia nini sikioni?"

"Aliniambia nijikwae kimwagike."

"Hukujikwaa."

"Ungekijaza tena leo, yeyo."

Namunyak akalinyooshea fimbo lile kopo. "Ile karatasi yake inasema nini?"

Namayiana akamsomea.

"Inamwambia nani?"

Nyani haoni kundule, na Namayiana alikuwa amezunguka wilaya nzima akibandika maonyo kwa watu wa ofisini, watu ambao kwa vyovyote wasingekula tona. Wale watoto wa Mkondoa, yule mama aliyekuwa anaogesha mtoto, hakuna hata mmoja aliyewahi kupelekewa karatasi, na hata wangepelekewa isingewasaidia kitu.

"Chora ng'ombe amekufa," Namunyak akasema huku akipanda pikipiki. "Miguu juu. Hata mtoto ataacha." Akaondoka na kasha lake. Kichwa cha mkwewe hakukigusa.

Namayiana alichora. Ng'ombe wake wa kwanza alifanana na meza iliyopinduka, Costancia akacheka mpaka chapati ikaungua. Wa tatu akafaa. Yupo sasa kwenye kila kopo, na makopo yenyewe yamo kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Mahali pa kuupeleka ule unga hajapata mpaka leo, asikudanganye mtu. Lakini anapokwenda Kilosa au Kidete siku hizi hapiti ofisini tu. Anasimama kisimani, anasimama sokoni, anatoa katriji kwenye salfeti, anawaonyesha watu tumbo lake na kuwaeleza kwa mdomo, na akimaliza anawasimulia habari ya kibuyu. Anaisimulia yote, hata pale aliposahau mti. Kila mara inamkata upya, maana anajua kibuyu kile hakina mwenzake na kwamba jina lile alilisikia siku moja tu.

Mitihani ilikwisha, mvua zikaanza. Siku moja jioni, mapema, pikipiki ikasimama mbele ya duka. Nyuma yake kulikuwa na kasha la tona lililofungwa kwa mpira, limetobolewa matundu ubavuni. Kasha likapiga kelele. Namayiana akatoka mbio, akafungua. Ndani alikuwamo kondoo mchanga jike, mweupe, kichwa cheusi, amekasirika kwelikweli. Shingoni alivalishwa ule mkanda wa kibuyu, shanga nyeupe na za buluu zilizofifia.

Simu ikalia kabla hajamtoa kondoo ndani ya kasha. Bibi huwa hapigi simu, hupigiwa. Sauti yake ilikuwa ya juu, kama kawaida ya wazee wasioiamini simu.

"Kibuyu nimekizika," akasema Namunyak. "Sikiliza. Lile jina nilikupa kwa ajili ya makopo, nilikosea. Kondoo nimekupa kwa sababu ulisema kweli."

Namayiana akamtoa kondoo kwa mkono mmoja, simu sikioni. Kondoo alikuwa anamtafuna upindo wa kanga. Costancia amesimama mlangoni kwake na mwiko mkononi, mdomo wazi.

"Mbona kimya? Huyo mwenye pikipiki hajafika?" bibi akapiga kelele. "Kondoo amefika, Paker?"

"Amefika, Paker," akasema Namayiana.